Fundi Aliyegonga Mbao

Kabla fundi yule mwingine hajahamia kijijini kwetu, mimi niliitwa Fundi. Ukiuliza Fundi ni nani, kuanzia njia ya kwenda Iyula hadi mashamba ya kahawa ya mwisho, mtoto yeyote angekuleta kwangu. Alipokuja yeye watu wakalazimika kututofautisha, na hawakuchukua muda mrefu. Yeye akawa Fundi Ngoma, mimi nikawa Fundi Milango. Hakuna aliyekusudia kunitukana, maana milango nilitengeneza kweli, na mingi ingali imesimama. Lakini yasikie majina hayo mawili yakitamkwa kwa kufuatana, kisha uniambie wewe ungependa kuitwa lipi.

Nami nitamwita hivyo hivyo, Fundi Ngoma. Aliletwa kwetu mwaka wa Operesheni, watu walipotolewa mabondeni na milimani wakapangwa kwenye vijiji vya ujamaa. Alitoka upande wa Ileje na mke wake, binti yao mmoja, mbuzi watatu na sanduku la vifaa alilolibeba mwenyewe begani, wakati godoro lao lilikuwa limepakiwa kwenye trekta. Nakumbuka nililitazama lile sanduku kabla sijamtazama yeye. Pembe zake zilikuwa zimeunganishwa kwa meno yaliyokatwa kwa msumeno mwembamba, bila msumari hata mmoja. Moyo wangu ulianza kuuma pale pale, kabla hatujasalimiana.

Alikuwa mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye masikio makubwa kidogo. Alitamka randa kama "landa", na kila alipokubali jambo alisema "Eya mukwai," Kibemba alichokiokota ng'ambo ya mpaka, Zambia, alikofanya kazi ujanani. Alifanya kazi gani huko, sijui mpaka leo. Mwenyekiti wa kijiji aliambiwa kwamba ilikuwa kazi ya useremala kwenye machimbo ya shaba. Mke wangu aliambiwa kwamba ilikuwa jikoni kwa Mzungu mmoja. Mimi nilipomuuliza alijifunza wapi kutengeneza ngoma, alisema aliokota ngoma mbovu kwenye jalala la bendi ya polisi, akaifumua kipande kwa kipande. Juma lililofuata nilimsikia akimwambia katekista kwamba alifundishwa na misheni. Alidanganya hivyo kuhusu mambo yake yote madogo, kwa uso mtulivu kabisa. Kuhusu mbao hakudanganya kamwe. Ukimletea ubao wenye ufa angekuambia una ufa, hata kama wewe ni mwenyekiti na ubao ni wa meza ya ofisi yako.

Tabia yake kubwa ilikuwa kugonga. Hakuweza kupita karibu na kitu cha mti bila kukigonga kwa kidole cha kati kilichokunjwa, kisha akainamisha kichwa kusikiliza. Aligonga vinu, mabenchi ya kanisa, mizinga ya nyuki, mlango wa zahanati. Kwenye mikutano ya kijiji aligonga meza ya mbele taratibu, mpaka katibu akamwomba akae nyuma. Siku ya kwanza aliyokuja kwangu kunisalimu, kabla hata hajapiga hodi, aligonga mlango wangu mara mbili, moja juu na moja chini.

"Umeufanya vizuri," akaniambia nilipofungua. "Ila huku chini bado unakunywa maji."

Nikamkaribisha ndani. Mke wangu akamletea uji. Baada ya miezi mitatu, mvua zilipokolea, mlango ule ulivimba chini ukawa haufungi, na mke wangu akasema, "Si alikuambia yule mwenzako?" Nililala bila kula.

Kwa kazi alikuwa mzito kupita kiasi. Mjane mmoja wa kijijini kwetu alimwomba kitanda mwanzoni mwa kilimo, na mahindi yakavunwa kabla hajapata hata mguu mmoja. Akaja kwangu akilalamika. Nilimtengenezea kitanda kwa siku nne, nikampelekea mwenyewe kichwani. Alinishukuru sana. Mwezi uliofuata Fundi Ngoma naye akamaliza kile cha kwake, akakipeleka, na yule mama akakipokea. Nilipopita pale siku moja nikakuta kitanda changu kiko chumba cha watoto, na cha kwake kiko chumbani kwa mama. Nikamuuliza kama kitanda changu kina kasoro.

"Hakina kasoro, baba," akasema. "Ila hiki kingine ukijigeuza hakilii."

Alikuwa na maneno yake ambayo watu waliyarudia kama methali. "Mbao haina haraka, mwenye haraka ni tumbo." Na jingine, alilolisema kila alipomwona kijana akimimina gundi nyingi mahali pasipokutana vizuri: "Gundi si mganga." Hayo maneno yaliniudhi kwa sababu yalikuwa ya kweli, na kwa sababu mimi nilikuwa nimeyajua miaka yote na haikunijia kuyasema.

Kwenye shamba la ujamaa alilima kama mtu anayeogopa kuiamsha ardhi. Tulikuwa na zamu za asubuhi mara tatu kwa juma, na kila mtu alipimiwa matuta yake. Ya Fundi Ngoma hayakuisha hata siku moja. Wengine wangetozwa faini. Yeye siku moja alichukua debe tupu lililokuwa kandokando, akakaa juu ya kichuguu, akaanza kulipiga polepole kwa vijiti viwili, pigo moja jembe linapopanda na jingine linaposhuka. Mstari mzima ukashika mwendo ule. Tulimaliza kabla jua halijakaa sawasawa. Kuanzia hapo mwenyekiti akaamua kazi yake shambani ni debe. Nilikuwa nimeinama, mgongo unaniuma, jasho limenijaa machoni, na kila nilipoinua uso nilimwona amekaa. Kilichonikera zaidi ni kwamba hata mimi nililima vizuri zaidi alipopiga.

Pamoja na hayo yote, hakupenda kelele. Siku za harusi alijiziba masikio kwa pamba akakaa nyuma ya nyumba yake. Hakucheza ngoma yoyote, hakuimba kanisani, alitikisa midomo tu. Nilimuuliza siku moja inakuwaje mtu wa ngoma anakimbia ngoma.

"Napenda sauti," akasema. "Kelele ni sauti iliyokosa mwenyewe."

Sasa nieleze habari ya ile ngoma yenyewe, maana ndiyo iliyotuingiza mahali ambapo mimi sikutoka salama.

Shule yetu ya msingi ilikuwa na bendi ya kuazima. Mwalimu wa michezo, mama mmoja mkakamavu, alitaka wanafunzi wake waende kwenye sherehe za Saba Saba wilayani wakiwa na ngoma zao wenyewe. Ngoma kubwa ilipatikana. Iliyokosekana ni ile ndogo inayoning'inizwa kiunoni, yenye ngozi mbili na nyaya chini, ile inayolia kwa mkwaruzo kama bisi kikaangoni. Akaja kwenye kikao cha kijiji akaomba mafundi wa karakana waitengeneze. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa karakana ya kijiji. Nilisimama, nikasema mbele ya watu wote kwamba ngoma ya aina ile hutoka kiwandani, na kwamba mkono wa mtu hauwezi kuifanya.

Fundi Ngoma, ambaye wakati huo hakuwa bado na jina hilo, aliinua mkono kutoka nyuma.

"Inawezekana," akasema, akaketi.

Watu wakageuza vichwa kumtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Mwenyekiti akamwuliza anahitaji nini. Akasema anahitaji mbao za mninga, ngozi mbili za mbuzi, kamba ya katani na waya za breki za baiskeli chakavu. Mwenyekiti akaniambia nimpe mbao kutoka stoo.

Funguo za stoo nilikuwa nazo mimi. Ndani mlikuwa na marundo mawili ya mninga. Rundo moja lilikuwa limekaa chini ya bati kwa miaka mitatu, limekauka mpaka ukilipiga linalia kama chuma. Jingine lilikuwa limepasuliwa masika yale yale, bado lilikuwa na harufu ya mti ulio hai. Nilimpa la pili. Sikumwambia kwamba la kwanza lipo, na nilikuwa nimelifunika kwa magunia. Alichukua ubao wa juu, akaugonga, akainamisha kichwa. Nikasubiri aseme. Akasema, "Asante, fundi mwenzangu," akazipakia zile mbao kwenye baiskeli akaondoka.

Nilimfuatilia alivyofanya kazi kuliko nilivyofuatilia kazi yangu. Kila jioni nilipata sababu ya kupita kwake. Hakuchimba gogo kama tulivyozoea kwenye ngoma zetu. Alikata vipande ishirini vyembamba vyenye urefu wa shubiri moja, akaviranda ubavuni kwa mshazari mmoja ule ule, ili vikisimamishwa pamoja vizunguke vyenyewe na kufunga duara, kama pipa. Alirudia kila kipande. Alikiinua kwenye mwanga, akakiweka ubavu kwa ubavu na mwenzake, na kama mwanga ulipita katikati alikirudisha kwenye randa. Kazi hiyo peke yake ilichukua majuma mawili. Kisha akatia gundi, akafunga kamba kuzunguka, akazikaza kwa vijiti. Baadaye aliranda nje mpaka ile mikunjo ishirini ikapotea likabaki duara. Pete za kubana ngozi alizipinda kwa mvuke wa chungu. Ngozi ya juu ilikuwa ya beberu, ya chini ya mwanambuzi, nyembamba mpaka uliona kivuli cha vidole vyako. Waya za breki alizifumua uzi mmoja mmoja, akazinyoosha, akazipanga kumi na mbili chini ya ile ngozi nyembamba.

Siku alipoipeleka shuleni, mwezi wa tano, nilikwenda na mimi. Msichana mmoja wa darasa la sita akaipiga. Ilitoa sauti kali, safi, yenye chumvi ndani yake. Mwalimu wa michezo akafunga macho. Mwenyekiti akasema, "Fundi Ngoma huyu." Ndipo jina lilipoanzia, na mimi likanipata langu siku hiyo hiyo, mtu mmoja aliposema kwa mzaha, "Basi wewe tuachie milango."

Nilicheka pamoja nao. Nilijua kwamba mwezi wa saba unakuja. Kwetu Mbozi mwezi wa saba ni baridi na upepo mkavu unaopasua midomo, na mti mbichi ukipigwa na upepo ule husinyaa. Nilijua kitakachotokea kama unavyojua siku ya mnada.

Tulikwenda wilayani kwenye lori moja, wanafunzi, walimu na wazee wa kijiji. Tulipofika uwanjani asubuhi na kuifungua ngoma kwenye kitenge ilimofungwa, ilikuwa imeachana mahali patatu, na ufa mmoja ulipitisha ukucha. Msichana akaipiga ikatoa sauti ya mtungi uliovunjika. Akaanza kulia. Mwalimu wa michezo akaniangalia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, akauliza, "Fundi, tufanyeje?" Nikasema hakuna la kufanya. Nakiri kwamba nililisema kwa furaha, ingawa sura yangu ilikuwa ya msiba.

Fundi Ngoma aliichukua, akaizungusha mikononi, akaitazama kama mama anavyotazama mtoto aliyeanguka, akitafuta palipoumia bila kumlaumu. Kisha akaenda kwa mtengeneza baiskeli aliyekuwa nje ya uwanja, akarudi na tyubu kuukuu mbili. Alizikata zikawa mikanda mirefu, akaanza kuizungushia ngoma, akivuta kila mzunguko kwa nguvu zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akafunika ngoma nzima kuanzia pete ya juu hadi ya chini. Nyufa zikafunga. Akakaza kamba, akaigonga, akainamisha kichwa.

"Haijawa kama mwanzo," akamwambia msichana. "Lakini itakusindikiza."

Bendi yetu ikapita mbele ya wageni. Ngoma ile nyeusi ilivuta macho ya watu kuliko hata mavazi ya wanafunzi. Sauti yake ilikuwa imepungua kelele, imekuwa kavu na fupi zaidi, na watu wakaipenda. Kabla ya jioni mwalimu wa shule nyingine alikuja kuuliza ile raba imefungwa vipi. Mwaka uliofuata niliona kwa macho yangu shule mbili zimezungushia tyubu ngoma zao nzima za kiwandani, zisizo na ufa wowote, wakidhani ndiyo siri ya sauti. Hivyo ubaya nilioufanya kwa mkono wangu ndio uliompa umaarufu wilaya nzima. Hakuna adui aliyewahi kunifanyia jambo baya kama hilo nililojifanyia.

Kutoka hapo nikaamua kutengeneza ya kwangu. Shule moja ya Itaka ilikuwa imetuma ujumbe inataka ngoma, na nilidhamiria kuwahi. Nilichukua mninga mkavu niliouficha. Nilifanya kazi chumbani, mlango umefungwa, nikamkataza mke wangu kusema. Nilifuata kila nilichokuwa nimekiona kwake, na nitasema bila aibu kwamba maungio yangu yalikuwa mazuri kuliko yake. Ilikuwa ngoma nzuri ya kutazama. Nilipoipiga ilisema "bub", kama gunia la unga. Nilikaza, nikalegeza, nikabadilisha ngozi, nikabadilisha nyaya. Bub. Majuma matatu.

Siku moja asubuhi alikuja kuazima msumeno. Mke wangu, ama kwa kusahau ama kwa kunichoka, akamfungulia mlango wa chumba. Alisimama akaitazama ile ngoma kwa muda.

"Nzuri," akasema. Akaigonga. Akanitazama. "Una tupa ya mgongo wa mviringo?"

Nikampa. Akakaa chini, akafungua kamba, akaivua ngozi ya chini, na kwenye ukingo wa mbao, mahali nyaya zinapoingia na mahali zinapotokea, akapiga tupa kidogo sana, kama unene wa kucha, pakawa na vibonde viwili vinavyotazamana. Kitu hicho hukaa chini ya ngozi. Hata ningeizunguka ngoma yake miaka kumi nisingekiona. Akafunga tena, akakaza, akanipa vijiti.

Ililia. Kwa kweli ililia vizuri sana.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Hukuniuliza," akasema, akachukua msumeno akaenda zake.

Nilipeleka ngoma Itaka mwenyewe. Mwalimu akaipiga, akasema, "Hii ni ya Fundi Ngoma." Nikamwambia ni yangu. Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mlevi. Baadaye alikutana na Fundi Ngoma mwenyewe kwenye mnada akamuuliza, naye akamwambia wazi kwamba ngoma ni ya mwenzake. Watu wakasema, mwone alivyo mnyenyekevu, anagawa hata sifa zake.

Miaka ikapita. Ukaja wakati wa shida, sabuni na misumari vikawa vitu vya kupangia foleni, na watu wengi wakaanza kurudi kimya kimya kwenye mashamba yao ya zamani. Mke wa Fundi Ngoma alifariki. Yeye akafunga karakana yake, akamfuata binti yake aliyekuwa ameolewa Tunduma. Alipoondoka, kijiji kikanirudia. Milango, vitanda, ngoma, vyote vikaja kwangu, na sikuona raha niliyoitegemea. Nilikuwa nikimaliza kazi namtafuta wa kushindana naye simwoni.

Safari yangu ya mwisho kumwona ilikuwa ya misumari. Niliambiwa ipo Tunduma, inavushwa kutoka Zambia. Nilishuka kwenye lori la kahawa saa nne asubuhi, na kabla ya kutafuta misumari nikauliza kwa binti yake ni wapi. Nilimkuta yule binti kwenye genge lake, amepanga dagaa wa kapenta kwa mafungu, akibishana bei na wateja kwa Kibemba. Akaniamkia, "Shikamoo baba," akanionyesha nyuma ya nyumba.

Fundi Ngoma alikuwa amekaa kwenye jiwe na msumeno magotini. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Alinitambua kwa sauti, akafurahi, akauliza habari za kijiji mtu mmoja mmoja. Nilimjibu yote. Nilikuwa nimekuja na neno moja, na nilijua nisipolisema siku hiyo sitalisema.

"Mzee," nikasema, "zile mbao za ngoma ya kwanza. Zilikuwa mbichi. Kavu zilikuwepo, nilizifunika kwa magunia. Nilikupa mbichi makusudi."

Mikono yake ilikaa juu ya msumeno.

"Makusudi," akasema.

"Makusudi. Lakini wewe ulizigonga. Hukusikia kwamba ni mbichi?"

"Nilisikia," akasema. "Nikadhani ndizo ulizonazo."

Alilisema taratibu, kama mtu anayenieleza hali ya hewa. Mimi nilitazama chini. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, au kwa msamaha wake, na vyote viwili ningeweza kuvibeba. Sikujua kwamba yule mtu alikuwa ameondoka kwenye stoo yangu siku ile akiamini kwamba nimempa kilicho bora nilichokuwa nacho.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" akauliza.

"Wivu."

"Wivu wa nini?"

Aligeuza uso wake kwangu, na niliona kwamba anauliza kweli. Nilifungua mdomo kumjibu. Nilifikiri nitataja jina, sifa, ngoma, kitanda cha yule mjane, na kila kimoja nilipokifikia kilionekana kidogo mno kukitamka mbele ya mzee asiyeona. Nikasema, "Hata sijui."

"Eya mukwai," akasema. Akapapasa chini akapata ubao, akauweka juu ya jiwe. "Natengeneza benchi la binti, la wateja. Huku mwisho panacheza. Nishikie."

Nikakaa chini nikaushika. Hakuchora mstari. Alipima kwa kidole gumba, akaweka msumeno, akaanza kukata polepole, uso wake umeelekea barabarani ambako malori yalikuwa yakiunguruma kwenye foleni ya mpakani. Nilikaza macho kwenye meno ya msumeno nikitafuta mahali utakapopinda. Haukupinda. Kipande kilidondoka, na mkato ulikuwa umenyooka kama ulivyokuwa siku zote, na mimi, mzee mwenye wajukuu, nikahisi ule wivu ukipanda tena kifuani.

"Kingine," akasema.

Nikamgeuzia ubao. Niliushika mpaka lori la kurudi likaniacha.